Paa la Kuinuka au Paa Refu?

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo tumeifundisha darasani kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na kila mwaka tumewaeleza wanafunzi kuwa inawakanya wavivu wapendao visingizio. Lakini mwaka 2023 sisi wenyewe tulijikuta tumesimama mbele ya majembe mawili, na kulima kusingewezekana bila ya kuchagua.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, na kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Walimu wa somo hilo walikuwa haba. Sisi, mume na mke, sote walimu wa Kiswahili, tukaazimia kuzitumia likizo zetu kuzizungukia shule za milimani, kusini-magharibi ya nchi, pamoja na masanduku ya vitabu. Nyumba za wageni zingeimaliza akiba yetu kabla ya shule ya tatu. Kwa hiyo ilitupasa kupata gari ambalo tungeweza kulala humo humo, na akiba yetu ilitosha gari moja kuukuu na paa moja, si zaidi.

Magari ya namna hiyo yana mapaa ya aina mbili. La kwanza ni paa la kuinuka. Mchana hulala, gari likawa fupi. Usiku huinuliwa kwa bawaba, na turubai ikakunjuka pembeni kuwa ukuta. Waingereza wa mji wa Folkestone walilitia katika magari yao yaliyoitwa Dormobile, jina lililoungwa kutokana na maneno yenye maana ya kulala na ya kwenda. Wajerumani wa Westfalia nao wakalitia katika magari ya Volkswagen. Kwetu Afrika Mashariki ndugu yake ni lile paa la magari ya watalii, liinuliwalo ili wageni wasimame na kutazama wanyama. La pili ni paa refu lisilosogea, ambalo mtu husimama chini yake saa yoyote bila ya kugusa kitu. Toyota Hiace ya paa la kawaida ina kimo cha karibu mita 2; ile ndefu kupita zote hukaribia mita 2.3.

Tofauti hiyo ya sentimita 30 ndiyo iliyotukosesha usingizi. Gari fupi hupita chini ya malango, halisukumwi sana na upepo wa ubavuni, na usiku wa joto turubai huingiza hewa. Gari refu lina nafasi ya makabati juu, kuta zake huweza kutiwa kizuizi cha baridi, wala halina bawaba za kuvunjika. Lakini upepo hulisumbua na mafuta hulipenda.

Hatukutaka kuamua kwa maneno matupu. Mwezi Aprili 2023, masika yakiwa yamepamba moto, tuliazima gari lililokuwa la watalii, ambalo fundi alilizungushia turubai chini ya paa. Tulifuatana na mzee wetu, mwalimu mstaafu aliyemfundisha mmoja wetu katika chuo cha ualimu. Karibu na Kabale tuliona turubai imechanika pembeni, upana wa kidole. Tukasema tutaishona kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta: hata hiyo tulikuwa tumeifundisha!

Usiku mvua ilishuka. Tulipoamka, sanduku moja lilikuwa limeloa chepechepe. Ndani yake mlikuwamo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, nakala ya mzee, aliyoiandika pembezoni kwa penseli katika miaka yote ya kazi yake. Alikuwa amekusudia kuikabidhi kwa mojawapo ya shule zile.

Tulimwamkia kwa haya. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, wanangu. Mmeamkaje?" Alikuwa ameketi kiti cha mbele, akizitenganisha kurasa moja moja. Maandishi mengi ya penseli yalikuwa yangalipo, lakini karatasi zilikuwa zimevimba.

Tukaanza kumwomba radhi, na papo hapo tukaanza kubishana kuhusu mapaa. Akatukatiza kwa upole: "Mnauliza paa lipi ni bora. Ulizeni kwanza ni nani atakayelala chini yake, na wapi."

Mwezi Agosti tukaazima gari la paa refu. Kwenye shule moja bango la jina juu ya lango lilikuwa chini mno, nasi tukakwama nje. Wanafunzi walitoka wakayabeba masanduku kichwani huku wakiimba. Tuliona aibu, mzee alicheka.

Tuliporudi nyumbani tuliwaandikia wakuu wa shule zote tisa, tukawaomba watupimie malango yao kwa kamba. Mawili tu yalikuwa mafupi mno. Mvua, kwa upande wake, hunyesha katika shule zote tisa. Tena mzee hawezi kuinama kwa muda mrefu, wala hana nguvu ya kusukuma paa juu kila jioni. Hesabu ikaisha. Tukanunua gari la paa refu.

Hatusemi kwamba kila mtu afanye vivyo hivyo. Mwenzetu anayekaa mjini, ambaye gari lake litalala chini ya jengo lenye dari fupi, au anayesafiri pwani penye joto, angekuwa na haki ya kuchagua paa la kuinuka, mradi aishone turubai yake mapema na kuikausha kabla ya kuikunja, maana ikikunjwa na maji hushika ukungu.

Kamusi ya mzee haifungiki tena vizuri. Imo katika kabati la juu, na kila tufikapo shuleni wanafunzi huiomba kwanza kabla ya zile mpya. Methali ya jembe bado tunaifundisha, ila sasa tunawauliza wanafunzi swali moja zaidi: je, mkulima huyo analima shamba gani?