Baisikeli ya Babu

Babu yangu alipofariki aliacha baisikeli moja nyeusi. Nyumbani ilisemwa kwamba ndiyo aliyompakia bibi usiku mmoja wa mwaka 1950, alipokuwa akienda kumzaa baba yangu. Siku moja, nikiifuta kutu, nilitamani kuujua umri wake hasa.

Nishani ya mbele ilikuwa na kichwa cha korongo, nikajua ni Raleigh, ya mji wa Nottingham, Uingereza. Lakini fundi mmoja akaniambia, "Jina halikwambii umri. Tazama nyuma." Basi nikakisugua kitovu cha gurudumu la nyuma kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, hata maandishi yakatokea: Sturmey-Archer, herufi AW, yaani kitovu cha gia tatu, kisha 53 na 7. Maana yake, kilitengenezwa mwezi wa saba, mwaka 1953.

Nikaingiwa na huzuni. Je, bibi alitudanganya? Siku mbili sikuthubutu kumwuliza. Siku ya tatu nikamwambia, naye akacheka hata akakohoa.

"Mjukuu wangu, gurudumu lile si la kwanza. La kwanza lilipondwa na lori, babu yako akauza mbuzi wawili akanunua jingine."

Nikaona upumbavu wangu: kitovu hutaja umri wake chenyewe, wala si wa baisikeli nzima. Nikarudi kwenye fremu, nikasugua chini ya kiti, mahali palipopigwa namba. Tarakimu za kwanza zilikuwa zimeliwa na kutu.