Kipimo Si Hukumu

Huku Rusizi neno "kipimo" linatembea haraka kuliko munganga mwenyewe. Mtu akishikwa na homa siku mbili, majirani wanauliza kama amepimwa. Akipimwa, wanauliza kama atapona. Mimi ninafanya kazi na vijana katika kambi ya mpito ya Nyarushishi. Sikusoma udaktari, nilimaliza sekondari tu. Kazi yangu ni mpira, michezo ya kuigiza na vikao vya mazungumzo jioni. Lakini habari ya vipimo na utafiti inarudi kwenye vikao vyetu kila mara, basi ikabidi niifuatilie. Naandika niliyoyapata kwa ajili ya wenzangu wa kwenye mahema, na pia kwa nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotuletea makaratasi ya kutia sahihi.

Swali liliulizwa na kijana wa miaka 17, mbele ya wote: "Kaka, sisi tuko bakobayi?" Kobayi ni yule mnyama anayechomwa dawa ili waone kama atakufa. Hakuna aliyecheka. Sikumjibu "hapana" palepale, sababu mtu aliyekimbia vita ameshaambiwa "hapana, hakuna shida" mara nyingi, halafu shida ikaja usiku. Nilimwambia tuangalie kwanza mambo yaliyotokea kwetu, kwenye miji tunayoijua kwa majina.

Tulianza na Kamituga. Wengi wetu tuna ndugu aliyewahi kuchimba dhahabu kule. Mwishoni mwa Septemba 2023 watu walianza kufika hospitali ya pale wakiwa na vipele vya mpox. Hadi mwisho wa Februari 2024 walihesabiwa washukiwa 241, na 108 kati yao wakathibitishwa na maabara. Nusu ya hao walikuwa na umri wa miaka 22 au chini yake. Ni rika langu, ni rika la vijana ninaocheza nao mpira.

Kulikuwa na tatizo la kipimo. Kile kipimo cha maabara kilichotumika Congo kutambua aina ile ya virusi kinatafuta kipande kimoja maalumu cha kirusi, kama unavyomtafuta mtu kwa alama ya kovu. Kirusi cha Kamituga kilikuwa kimepoteza kipande hicho. Kwa hiyo mtu angeweza kuwa na ugonjwa mwilini, na kipimo kile kikasema hakuna. Watafiti waliligundua hilo kwa kusoma sampuli za wagonjwa wenyewe, wakaona ni tawi jipya, wakaliita Ib, na kipimo kingine kikatengenezwa kwa ajili yake. Kama wachimbaji na akina dada wa Kamituga wangekataa kutoa sampuli, tungeendelea kuambiwa "huna kitu" huku ugonjwa unashuka Bukavu, unavuka Ruzizi. Na ulivuka. Julai 2024 Rwanda ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza, na Septemba mwaka ule ikaanza kutoa chanjo.

Kijana yule akaniuliza tena: "Sawa, lakini ile majibu inamusaidia nani?" Swali zuri. Nikakumbuka mama mmoja wa hapa kambini. Mtoto wake mdogo alitoka vipele usoni na tumboni. Mama akamfunga kitenge, akamweka ndani ya hema, akawa anamtoa nje usiku tu. Nilipopita akaniita pembeni, akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, bakisema iko na hiyo bugonjwa, batatuacha hapa, bengine baende Mahama." Hakuwa anaogopa sindano. Aliogopa kuachwa nyuma na basi, atenganishwe na dada yake ambaye walikuwa wamevuka naye pamoja. Tulikaa naye muda mrefu, mimi na mama mwingine anayeheshimiwa kwenye safu yao. Mwishowe akakubali. Sampuli ikachukuliwa, akangoja majibu, siku ambazo hakula vizuri. Majibu yalipokuja, ilikuwa tetekuwanga. Huko Kamituga pia, kati ya wale washukiwa, si kila mwenye vipele alikutwa na mpox.

Mimi nilijifunza kitu pale. Kwa munganga, majibu ni dawa gani itolewe. Kwa mama mkimbizi, majibu ni kama familia itapanda basi moja. Ukija kumwomba sampuli bila kumwambia ratiba ya safari yake itakuwaje, umemwomba arushe jiwe gizani. Mwambie kwanza: ukipatikana nao, utatengwa siku ngapi, nani atabaki na watoto, na jina lako kwenye orodha ya Mahama litatunzwa na nani.

Sehemu ya pili ni ngumu zaidi: ile ya kutabiri nani atapona. Vijana wanasikia kwamba waganga wanaweza kujua mapema nani atakufa, na wanafikiri ni uchawi au ni kuchagua watu. Tukaangalia habari ya Ebola ya Kivu Kaskazini. Kuanzia Novemba 2018, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ulifanyika utafiti ulioitwa PALM. Uliongozwa na taasisi ya INRB ya Kinshasa, ile ya Profesa Muyembe, pamoja na Wamarekani. Wagonjwa 681 walikubali kuingia. Dawa zilikuwa nne, na nani apate ipi iliamuliwa kama kura, bila kuangalia kabila wala cheo.

Agosti 2019 utafiti ulisimamishwa mapema, sababu tofauti ilikuwa imeonekana: kwa dawa mbili wagonjwa walikufa kama 34 kwa 100, na kwa nyingine mbili walikufa 50 au zaidi. Moja ya zile mbili bora, mAb114, asili yake ni damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Niliposema hivyo, kikao kilinyamaza. Halafu msichana mmoja akasema, "Kumbe dawa ilitoka kwetu."

Sasa utabiri ulifanyika hivi. Mashine ya kupima inazidisha chembe za kirusi raundi kwa raundi, mara mbili, mara mbili tena. Ikikiona kirusi katika raundi za mwanzo, maana yake damu imejaa virusi. Ikizunguka sana kabla ya kukiona, virusi ni vichache. Mpaka uliowekwa ulikuwa raundi 22. Kwa waliofika na virusi vichache wakapewa zile dawa mbili bora, walikufa kama 10 au 11 kwa 100. Kwa waliofika damu imejaa, hata kwa dawa hizohizo walikufa zaidi ya 60 kwa 100. Na kila siku moja mgonjwa aliyokaa nyumbani na dalili kabla ya kuingia, uwiano wa kufa dhidi ya kupona ulipanda kiasi cha asilimia 11.

Niliandika ile 11 kwa chaki ubaoni, nikaiacha. Maana yake ni kwamba namba ile haikusema "huyu amehukumiwa". Ilisema siku zina uzito. Mtu anayefichwa ndani ya hema kwa siku nne kwa kuogopa kuachwa na basi anabeba uzito huo, na hakuna mashine itakayouondoa.

Kuna jambo jingine nililiona ni la haki kuwaambia, sababu si kila utafiti unamalizika kwa furaha. Kuanzia 2022, kule Tunda katika Maniema na Kole katika Sankuru, watu 597 wenye mpox, wakubwa na watoto, waliingia katika utafiti wa dawa inayoitwa tecovirimat. Wengine walipewa dawa, wengine kidonge kisicho na dawa, na walijua tangu mwanzo kwamba inaweza kuwa hivyo. Agosti 2024 majibu yalitoka: dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Lakini katika makundi yote mawili walikufa chini ya 2 kwa 100, wakati Congo kwa jumla vifo vya mpox vilihesabiwa kama 3.6 kwa 100 au zaidi. Wagonjwa wale walilazwa, walilishwa, vidonda vilitunzwa, na magonjwa mengine yakatibiwa. Hiyo ndiyo habari ninayotaka wafanyakazi wa mashirika waisome mara mbili. Chakula, kitanda na mtu wa kukuangalia vilikuwemo upande ule wenye dawa na upande ule usio na dawa.

Mwisho wa kikao nilimrudia kijana. Nilimwambia kobayi haulizwi, hapewi karatasi, hawezi kusema "nimeacha". Mtu anaulizwa kwa lugha anayoisikia, anaweza kukataa na bado akatibiwa, anaweza kutoka katikati. Yakikosekana hayo, basi swali lake ni la haki na alirudie kwa sauti. Alifikiri kidogo, akasema, "Na majibu pia bairudishe." Tuliliongeza.

Vijana wameandika maswali manne kwenye kartoni na kuibandika karibu na bomba la maji: Mnatafuta nini? Nikikataa itakuwaje? Nikipatikana na ugonjwa, familia yangu itasafiri vipi? Majibu mtayaleta lini, na kwa lugha gani? Kila anayekuja na karatasi ya kutia sahihi atapita pale, sababu njia ni moja. Tunamwomba asimame asome kabla hajaingia kwenye mahema. Yule mama alipanda basi na dada yake na mtoto, makovu bado usoni, na karatasi ya majibu aliikunja akaiweka pamoja na kadi za familia.