Kinga Imekwisha

Tangu Vénuste Niyongabo aipatie Burundi nishani ya dhahabu ya mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996, mbio ni fahari yetu. Nami, mwenye miaka arobaini na ushei, nilijitosa katika shindano la kufungua msimu hapa Bujumbura: kukimbia, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia tena. Niliposhuka kwenye baiskeli miguu ilikuwa mizito kama magogo. Kijana wa Buyenzi, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu, akaita: "Mwalimu, kinga imekwisha, kimbia!" Darasani nilimkosoa kila mara: sema baiskeli; hiyo kinga umeitoa katika Kirundi, ikinga. Siku ile pumzi ya kukosoa sikuwa nayo. Nilikimbia. Jumatatu nikaliandika neno lake ubaoni, sambamba na langu.