Aliyeamuru Penye Moto: Kumbukumbu ya Zimamoto Mwimbi na Uwanda wa Juu wa Ufipa

Katika lugha ya serikali zimamoto ni jeshi, lenye Kamishna Jenerali kileleni, makamanda wa mikoa chini yake, na ngazi ya vyeo inayoshuka kutoka kamishna, mrakibu na mkaguzi hadi sajenti, koplo na konstebo. Nalo limewekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi pamoja na Polisi, Magereza na Uhamiaji. Katika maisha ya watu wa Mwimbi, kata ya Wilaya ya Kalambo iliyo kusini mwa Sumbawanga, upande wa kuelekea Zambia, kuzima moto kwa muda mrefu hakukuwa jeshi wala ofisi, bali wajibu uliomwangukia kila aliyesikia yowe. Kati ya hali hizo mbili kuna historia ambayo haijaandikwa sana, pengine kwa sababu waliouzima moto hawakuwa watu wa kuandika taarifa, na walioandika taarifa hawakuwa wakikaa Mwimbi. Jambo linalofaa kufuatiliwa katika historia hiyo ni swali moja: moto unapowaka, ni nani anayeamuru, na watu wamejuaje kuwa ndiye?

Ufipa haukuwa ugeni kwa moto. Kabla ya chuma cha madukani kuenea, mafundi wa uwanda huu waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri refu la udongo liitwalo ilungu, kwa wingi malungu, lililozidi kimo cha mtu na kuvuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini bila kupulizwa, kisha wakakisafisha chuma hicho katika tanuri dogo lililopulizwa kwa mivukuto. Kazi hiyo ilikuwa na fundi mkuu aliyejua siku ya kuwasha, miiko ya kushika na dalili za moto uliofika kiwango chake, na neno lake halikupingwa na mtu mpaka tanuri lipoe. Hapo tayari pana wazo la uongozi penye moto: anayeamuru ni yule anayeujua, hata kama nje ya kazi hiyo hana cheo chochote.

Kilimo nacho kilikuwa na hekima yake, na hapa inafaa kutua kidogo, kwa kuwa wageni wengi waliopita Ufipa waliuona uwanda usio na miti wakadhani wenyeji wake ni wachomaji tu. Kusini zaidi, upande wa Zambia, Wabemba walijulikana kwa chitemene, yaani kilimo cha kukata matawi, kuyarundika na kuyachoma ili mbegu ipandwe katika majivu. Wafipa, pamoja na Wamambwe wanaopakana nao, walikuwa na njia nyingine: majani yalilimwa na kufunikwa chini ya udongo katika matuta ya duara, ambayo Wafipa huyaita ntumba na Wamambwe fundikila, yakaachwa yaoze na kuwa mbolea ya ulezi, maharage na baadaye mahindi. Mkulima wa namna hiyo hana sababu ya kuupenda moto wa porini, maana unamlia chakula cha shamba lake kabla hajakizika. Hata hivyo nyasi zilichomwa kila mwaka, na wawindaji, na wafugaji waliotaka majani mabichi, na wapita njia, kwa hiyo kuanzia Juni, mvua ikiwa imekwisha na upepo wa baridi ukikatiza uwandani, hakuna kijiji kilicholala bila kuangalia upande unakotoka moshi.

Nyumba za wakati huo ziliezekwa kwa nyasi. Paa la nyasi likishika moto halizimwi, na hilo watu walilijua. Kazi yao ilikuwa kuwatoa walio ndani, kuokoa vihenge vya nafaka, na kuwapandisha vijana juu ya mapaa ya jirani wakiwa na matawi mabichi na vibuyu vya maji ili cheche zisipate pa kutua. Kwa moto wa nyasi walifyeka ukanda mbele yake au kuwasha moto mdogo wa kuukabili mkubwa, ufundi unaotaka mtu mmoja wa kusema "washa" na "acha", kwa maana ukiwashwa kabla ya wakati wake unakuwa moto wa pili. Mtu huyo alikuwa mkuu wa kijiji, au mzee aliyejua upepo wa mahali pale, na hakuhitaji kutangazwa.

Ngazi hiyo ya uongozi ilibadilika bila moto wenyewe kuulizwa. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliondoa mamlaka ya machifu, na muda si mrefu chama tawala, TANU, kikaweka utaratibu wa mabalozi wa nyumba kumi, ambamo kila kundi la kaya kumi au zaidi kidogo lilikuwa na mjumbe wake. Balozi ndiye aliyepelekewa habari ya mgeni, ya ugomvi na ya moto, na katika kumbukumbu za wengi waliokua miaka hiyo yeye ndiye sura ya kwanza ya mamlaka penye janga. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, iliyoendeshwa nchi nzima kati ya 1973 na 1976, ikawakusanya watu waliokuwa wametawanyika na kuwapanga kwa mistari kandokando ya barabara. Faida zake na madhara yake yamejadiliwa kwingine kwa kirefu. Kwa habari ya moto, mapaa ya nyasi yaliyosogezwa karibu yalimaanisha kuwa uzembe wa jiko moja sasa ulihusu mstari mzima. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, nafasi ya balozi ikabaki ndani ya chama chake, na kazi za kiserikali zikaangukia kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, na hao ndio wanaopigiwa simu hadi leo.

Wakati hayo yanatokea vijijini, mijini kulikuwa na kitu kingine kabisa. Vikosi vya zimamoto vilivyorithiwa kutoka kwa Waingereza vilikuwa vya miji, navyo vilipanda na kushuka pamoja na serikali za mitaa zilizovimiliki. Mwaka 1972 mpango wa Madaraka Mikoani, uliohamishia kazi za halmashauri kwa maofisa wa mikoa na wilaya, uliziondoa halmashauri zenyewe. Mamlaka za miji zikarudishwa mwaka 1978, na sheria za serikali za mitaa zikatungwa upya mwaka 1982. Kikosi kilichokuwa chini ya halmashauri kilitegemea mfuko wa halmashauri, kwa hiyo gari lililoharibika lilisubiri bajeti ileile iliyosubiriwa na mfereji wa soko. Viwanja vya ndege vilikuwa na zimamoto yao. Mkazi wa Mwimbi hakuwa katika hesabu ya yeyote kati ya hao. Faya, kama watu wanavyoliita gari hilo jekundu na wafanyakazi wake, aliisikia redioni.

Badiliko kubwa lilikuja na Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Na. 14 ya mwaka 2007. Kwa sheria hiyo vikosi vilivyokuwa vimegawanyika katika halmashauri viliunganishwa kuwa jeshi moja la taifa lenye amri moja, na neno "uokoaji" likaingia rasmi, maana yake kwamba kazi si kumwaga maji juu ya moto tu, bali pia kumtoa mtu kisimani, chini ya jengo lililoporomoka, ndani ya gari lililopinduka au majini. Ofisa wa jeshi hilo akifika penye tukio ndiye mwenye amri, naye anaweza kuingia katika jengo au kutumia maji yaliyo karibu bila kusubiri ruhusa ya mwenyewe. Kwa mara ya kwanza swali la nani anaamuru penye moto lilipata jibu moja, liwe Kariakoo au Kalambo. Lakini jibu la sheria linahitaji miguu, na miguu ya jeshi hili ni magurudumu. Mkoa wa Rukwa, hata baada ya kumegwa mwaka 2012 na kuzaa Mkoa wa Katavi, bado ni mpana, na kamanda wake ana ofisi Sumbawanga mjini. Kutoka hapo hadi Mwimbi ni makumi ya kilomita, na moto wa jikoni haungoji kilomita hata moja.

Ni katika kipindi hiki ambapo habari za uongozi wa zimamoto zilianza kusikika vijijini kama habari za uongozi wa polisi. Jina la Kamishna Jenerali Pius Nyambacha lilisikika katika miaka ya kulijenga jeshi jipya. Akafuata Thobias Andengenye, aliyetoka Jeshi la Polisi, na tarehe 23 Januari 2020, katika hafla ya makazi ya askari magereza huko Ukonga, Rais John Magufuli akatangaza kumwondoa pamoja na Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Kangi Lugola, kwa sababu ya makubaliano ya kununulia vifaa vya zimamoto yenye thamani ya zaidi ya Euro milioni 400, ambayo Rais alieleza kuwa yalifanywa kinyume cha utaratibu. John Masunga akachukua nafasi hiyo mwaka huohuo. Andengenye naye hakupotea: aliteuliwa baadaye kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma.

Habari ya namna hiyo inapopokewa kijijini huwa na ladha ya mchezo wa wakubwa: nani kapanda, nani kashuka. Uzito wake halisi ulikuwa kwingine. Fedha iliyotajwa Ukonga ilikuwa fedha ya vifaa, na kwa mkoa ulio pembezoni swali la maana kuliko jina la aliyeondoka lilikuwa kama vifaa, hasa magari, vingekuja kwa njia nyingine, na lini. Taarifa za uteuzi hazina desturi ya kujibu swali hilo. Zinaeleza cheo cha kale na cheo kipya, siku ya kuapishwa, na shukrani. Idadi ya magari yanayotembea, ujazo wa matangi yake na mahali pa kujazia maji huachiwa wakaguzi wa hesabu. Kwa vijana wa uwandani, habari ya zimamoto iliyosomwa kwa makini zaidi ilikuwa ile ya nafasi za ajira za konstebo, na hapo angalau masharti yalikuwa wazi.

Katika muda huohuo moto wa Mwimbi ulibadilika tabia, na huenda badiliko hili lilifanya kazi kubwa kuliko sheria yoyote. Mabati yaliingia. Nyumba ya tofali za kuchoma iliyoezekwa bati haishiki cheche ya jirani kirahisi, na mstari wa nyumba uliokuwa ukiogopwa miaka ya Operesheni Vijiji sasa unaweza kupoteza nyumba moja tu, nyingine zikabaki. Upande wa pili ukaja umeme, ambao Rukwa kwa miaka mingi iliupata kutoka Zambia kwa kuwa gridi ya taifa ilikuwa haijafika huku, na pamoja nao zikaja nyaya zilizounganishwa na mafundi wa kubahatisha. Zikaja pikipiki, na petroli ikauzwa kwa chupa kandokando ya barabara na kulazwa uvunguni usiku. Moto wa nyasi huzimwa kwa tawi bichi; moto wa petroli ukimwagiwa maji unasambaa, na mzee aliyejua upepo hakufundishwa hilo na baba yake. Hapa ndipo ujuzi wa jeshi unapohitajika kijijini, hata kama gari lake haliwezi kuwahi: katika somo la mchanga na blanketi nzito, katika ukaguzi wa mabweni ya shule, katika mtungi wa kuzimia moto unaowekwa ukutani na mtu anayejua kuvuta pini yake.

Kwamba wa kwanza kufika ni jirani si aibu ya Kalambo peke yake. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43, ambao 19 kati yao walipoteza maisha, walioifikia mwanzo walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alichukuliwa kwa agizo la Rais Samia Suluhu Hassan akajiunge na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na kupewa mafunzo. Wapo waliolichukua tendo hilo kama zawadi tu. Linaweza pia kusomwa kama kukiri: jeshi lilimvalisha sare mtu aliyekwisha kuifanya kazi yake kabla halijafika. Wavuvi wa Kasanga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika ndani ya wilaya ileile ya Mwimbi, hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

Kwa hiyo mamlaka mbili zinaishi pamoja uwandani. Ya kwanza ina sheria, vyeo na gari. Ya pili ina ukaribu, na mwenyekiti wa kitongoji akiwa na filimbi yake mdomoni anaamuru kwa dakika zile za mwanzo ambazo huamua kama kutakuwa na jeneza. Taarifa za zimamoto za mkoa zingekuwa na manufaa zaidi kama zingemtaja huyu wa pili: moto ulianzia kitongoji gani, simu ilipigwa saa ngapi na gari likafika saa ngapi, maji yalichotwa mto gani, na watu walikuwa wamefanya nini kabla ya king'ora. Kwa upande wao wakazi wana jambo moja ambalo babu zao hawakuwa nalo, nalo halifai kuahirishwa mpaka paa lianguke, hata kama gari liko mbali, kwa kuwa ofisa aliyeko chumba cha mawasiliano anaweza kuwaelekeza cha kufanya wakati gari likiwa njiani. Namba ni 114, na kuipiga hakulipiwi.