Baiskeli niliyoikataza

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize. Iwapo wewe ni mzazi na makao yako ni Nairobi, waweza kumruhusu mwanao atoke asubuhi na baiskeli aingie barabara kuu, nawe ukabaki sebuleni ukinywa chai yako kwa utulivu? Mimi sikuweza. Kwa zaidi ya miaka 30 baiskeli haikuingia nyumbani kwangu, na mtoto aliyethubutu kuitaja alijua ameutibua moyo wa babake.

Si kwamba sikujua utamu wake. Nilikulia kwenye miinuko ya Murang'a, na marehemu kaka yangu ndiye aliyenifunza kuendesha. Ilikuwa ile nyeusi nzito tuliyoiita Black Mamba, nami nilipitisha mguu mmoja chini ya mtaimbo kwa kuwa sikuwa nafikia kiti. Baadaye kaka alikuja jijini kutafuta riziki, akawa anasambaza mikate kwa baiskeli katika mitaa ya Eastlands. Alfajiri moja mwaka wa 1991, katika Jogoo Road, matatu ilimgonga kutoka nyuma. Dereva hakusimama. Mikate ilitapakaa barabarani na, nisikufiche msomaji, watu waliiokota mikate kabla ya kumwokota yeye. Hilo ndilo lililonikaa rohoni kuliko lolote.

Sasa utaelewa nilivyoshtuka pale kitinda mimba wangu, aliyeko Cape Town kwa masomo ya uzamili, aliponitumia picha yake akiwa juu ya baiskeli, kofia ngumu kichwani, anacheka. Nilimpigia simu papo hapo. Nilifoka, akanyamaza. Kesho yake nikafoka tena. Siku ya tatu akaniambia kwa sauti ya upole, "Baba, njoo uone kwanza, kisha unikataze." Mamake, aliyekuwa amechoka kusikia kelele za simu kila jioni, akaniambia nauli ipo, niende.

Nikaenda mwezi wa Septemba. Nilikwenda kukataza, hilo lieleweke.

Yeye hakunipeleka kuona jiji. Alfajiri ya Jumapili alinipakia kwenye gari la rafiki yake, baiskeli mbili zimefungwa nyuma, tukasafiri kiasi cha kilomita 120 hadi mji wa pwani uitwao Hermanus. Mji huo unajulikana kwa nyangumi. Kati ya Juni na Novemba nyangumi hao wakubwa hutoka bahari ya kusini yenye barafu, wakaja kuzaa na kunyonyesha kwenye ghuba ya Walker Bay, karibu na ufuo kiasi kwamba unawaona ukiwa umesimama juu ya majabali. Nilimwona mmoja, mgongo mweusi kama mtumbwi uliopinduka, na ubavuni pake kitoto. Ningeridhika kukaa pale siku nzima. Binti yangu akanivuta mkono.

Nje kidogo ya mji kuna barabara inayochepuka kutoka ile ya pwani na kuingia bondeni, ikielekea Caledon. Bonde hilo huitwa Hemel-en-Aarde, maana yake Mbingu na Dunia. Inasemekana liliitwa hivyo kwa sababu vilima vimelizunguka hata mtu aliye ndani haoni kitu kingine ila mbingu na ardhi. Ni jina zuri, lakini halikutokana na furaha. Mnamo 1817 serikali ya kikoloni ilianzisha humo makao ya wagonjwa wa ukoma ili watengwe na watu wengine, na kuanzia 1823 wamishonari wa Kimoravia wakawahudumia, mpaka wagonjwa walipohamishiwa kisiwa cha Robben katika miaka ya 1840. Ndicho kisiwa kile kile alikokuja kufungwa Nelson Mandela. Kwa hivyo utulivu wa bonde hilo una umri mrefu, nao mwanzoni ulikuwa utulivu wa kutupwa.

Binti yangu alinivalisha kofia, kwani huko sheria inamtaka kila mwendesha baiskeli awe nayo. Akanionyesha gia. Gia! Black Mamba haikuwa na gia, ilikuwa na magoti yako tu. Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani alikuwa amelihifadhi kwa ajili yangu: kwamba katika jimbo hilo, tangu 2013, dereva anayempita mwendesha baiskeli hana budi kumwachia nafasi isiyopungua mita 1. Nikamwuliza kama madereva wanaitii. "Si wote," akajibu. Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Tukaanza. Mikono ilitetemeka, na kila nilipohisi gari nyuma yangu mabega yalipanda hadi masikioni. Lakini magari yenyewe yalikuwa machache mno. Wasafiri wengi huishika barabara ya pwani, na hii ya bondeni aghalabu ni ya wenye mashamba pamoja na wageni wanaokwenda kuonja divai. Wanywaji, kama ujuavyo, hawaamki mapema. Baada ya robo saa nilianza kusikia vitu ambavyo sikuwa nimevisikia barabarani tangu utotoni: mnyororo wa baiskeli ukizunguka, ndege, maji mtaroni, pumzi zangu mwenyewe.

Kulia na kushoto ni mizabibu. Usidhani ni msitu. Ni safu kwa safu, zimenyooka kama chai ya Limuru ila zimefungwa kwenye nyaya, zikipanda kilima na kushuka. Huko mizabibu hupogolewa wakati wa baridi, kati ya Juni na Agosti, kama tunavyopogoa mikahawa kwetu, kwa hivyo nilikuta visiki vyeusi vilivyokunjamana kama vidole vya bibi mzee, na kwenye kila kidole jani changa la kijani kibichi. Zabibu zenyewe huvunwa kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi. Siri ya bonde hilo ni upepo wa baridi wa bahari ya Atlantiki unaopenya kati ya vilima na kuzuia zabibu zisiive haraka. Jambo hilo lilimvutia Tim Hamilton Russell, aliyenunua shamba humo mnamo 1975 ili apande mizabibu ya aina ipendayo ubaridi, hasa Pinot Noir, na wengine wakamfuata. Mimi si mnywaji, hivyo siwezi kukuambia kama walipatia.

Barabara hupanda. Mwanzo kidogo kidogo, kisha bila huruma. Binti yangu alipepea mbele kama kipepeo, nami nikashuka nikaanza kusukuma, jasho likinichuruzika. Hapo ndipo nilipomkuta mzee mmoja naye anasukuma baiskeli yake, kuukuu, haina gia, amevaa suti ya kanisani na kubana miguu ya suruali kwa kipande cha kamba. Nilicheka, kwa maana kaka yangu alikuwa akifanya vivyo hivyo. Tukasalimiana kwa Kiingereza cha kuungaunga, chake kikiwa na Kiafrikana ndani, tukasukuma pamoja.

Aliniambia amefanya kazi ya mizabibu maisha yake yote, na babake kabla yake. Nikamwuliza kuhusu babake. Akasema sehemu ya ujira wa babake ilikuwa divai. Alipimiwa kwa kikombe cha bati, asubuhi, mchana na jioni, na kila Ijumaa alirudi nyumbani na pesa kidogo na kiu kubwa. Babake alikufa mapema. Yeye mwenyewe hajawahi kuonja hata tone.

Hilo halikuwa jambo la shamba moja. Ulikuwa utaratibu ulioenea katika mashamba ya Cape, ukaitwa "dop", na ijapokuwa ulipigwa marufuku kisheria katika karne ya 20, ulizidi kuendelea kichinichini hadi miaka ya 1990. Mizizi yake ni enzi za utumwa. Kati ya 1652 na 1808 watumwa wapatao 63,000 waliingizwa huko, kutoka India, visiwa vya Asia ya Kusini Mashariki, Madagascar na pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Waliotoka upande wa Msumbiji waliitwa "Masbieker". Utumwa ulikomeshwa tarehe 1 Desemba, 1834, lakini walioachiliwa walilazimishwa kuwatumikia mabwana wale wale miaka minne zaidi. Nilipoitazama tena ile mizabibu iliyonyooka, sikuweza kuiona kama mandhari tu.

Mzee alichepuka kwenye njia ya vumbi kuelekea kanisani. Kabla ya kuondoka aliigonga baiskeli yangu ya kukodi kwa kidole, akauliza bei ya baiskeli kama hiyo. Sikujua. Binti yangu, aliyekuwa akitungoja juu, alimtajia. Mzee akapiga mluzi, akaenda zake.

Tulipofika juu, kilomita 15 hivi kutoka tulikoanza, tuliketi kwenye nyasi tukala mayai ya kuchemsha. Hapo tukazungumza. Sikuwa nimewahi kumsimulia habari ya mikate. Alijua tu kwamba amu yake alikufa kwa ajali. Nilimweleza yote, hata wale waliookota. Alilia kidogo, nami nikatazama upande mwingine. Kisha akaniambia kwamba hata hapo Cape Town mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo: mnamo 1977 waendesha baiskeli waliingia barabarani kwa wingi kudai njia zao, na kutokana na madai hayo yakazaliwa, mwaka uliofuata, yale mashindano makubwa ya kuizunguka rasi ambayo leo ni ya kilomita 109. Nilimwambia mashindano ni mashindano, mwuza mikate hahitaji medali. "Lakini alihitaji njia," akasema. "Nani aliwahi kuidai?"

Sikuwa na jibu. Wewe unalo?

Kurudi ilikuwa mteremko. Yeye alikaa nyuma yangu, ati anikinge na magari. Mwanzoni nilizibana breki hadi vidole vikafa ganzi. Halafu, sijui ni wapi hasa, nikaziachia. Upepo ulinijaa masikioni, mizabibu ikapita kando kama kurasa za kitabu, na vilima vilipofunguka kule chini nikaiona bahari inameta. Nilipiga ukelele. Ndiyo, mtu mzima, mwenye mvi. Nyuma yangu nilimsikia mwanangu akicheka, na kwa muda nikasahau nilikuja kufanya nini.

Usije ukadhani nimebadilika kabisa. Anarejea nyumbani Desemba, na ameniuliza kama anaweza kuja na baiskeli yake. Mamake amekwisha kukubali. Mimi bado sijamjibu.

Ila Jumapili iliyopita niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaenda kusimama kando ya Jogoo Road, mahali ambapo sikuwa nimekanyaga kwa miguu yangu tangu 1991. Nilihesabu baiskeli zilizopita. Hadi saa moja kasorobo zilikuwa 41, zikijibana ukingoni mwa lami huku matatu zikizipita karibu sana. Wengi wao walikuwa wamebeba mikate.