Elimu Iliyomo Mikokoni

Kila likizo ya Agosti sisi akina mama wachache wa Ukunda huwachukua watoto hadi kwenye mikoko ya Gazi kwa siku nne za kambi ya sayansi. Swali la kwanza la wazazi huwa si la sayansi bali la mabinti: nani atakuwa nao, watavaa nini matopeni, watarudi saa ngapi? Ni swali la haki. Tunaondoka nao asubuhi, tunarejea kabla ya Magharibi, na mama apendaye kufuatana nasi hukaribishwa, ilmradi akubali kuchafuka.

Siku zenyewe tunazichagua kwa kutazama mwezi. Mwezi unapoandama, na tena ukaribiapo tarehe 15 kwa hesabu yetu ya Kiislamu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana, kisha hutoka mbali, na hapa petu hutoka kabla ya adhuhuri. Watoto waliozoea kuhesabu Shaabani wakiingoja Ramadhani hulishika jambo hili upesi. Bibi zao walilijua kabla yetu.

Kazi ngumu kwetu ni kunyamaza. Mwaka huu binti mmoja wa gredi ya 9 alilamba jani la mchu, akakuta chumvi. Akalamba la mkoko, asiikute. Akatuuliza chumvi ya mkoko imekwenda wapi. Jawabu tulikuwa nalo: mchu huitoa chumvi kupitia majani, na mkoko huizuia sehemu kubwa mizizini. Tukamwambia tu, "Hebu tafuta, mwanangu." Kesho yake alichuma majani kumi ya kila mti, yote ya juu yasiyofikiwa na maji, asije akadanganywa na chumvi ya bahari. Hadhari hiyo hakufundishwa na mtu. Akaandika daftarini: huenda haipandi kabisa.

Nyumbani kwao walikuwa wamekwisha kumchagulia mkondo wa sekondari ya juu, na si wa sayansi. Maabara, walisema, si mahali pake. Siku ya nne mama yake alikuja na chano cha mahamri, akaketi kivulini, akalisoma lile daftari ukurasa kwa ukurasa. Sisi hakutuuliza neno. Alimwuliza mwanawe mbona hakuyaonja majani ya muia, kisha wakavua viatu wote wawili, wakaingia matopeni kuyatafuta.