"Umemeza Dawa?"

Nikicheka sana kwa nyumba, mtu lazima aulize, "Umemeza dawa?" Nikikasirika kwa sababu bro yangu amevaa viatu vyangu, swali ni lile lile. Jamani, hata mtu mwenye baipola anaruhusiwa kukasirikia viatu vyake.

Nilianzishiwa olanzapini, dawa ambayo pia hupewa wenye skizofrenia. Tembe moja usiku, na kabla taarifa ya habari iishe nishazima. Mawazo yalitulia, siwezi kudanganya. Lakini njaa! Unamaliza ugali, dakika 20 baadaye unafunua sufuria tena. Kwa miezi 4 jinzi zangu zote zilinikataa.

Ndiyo nikaacha, kimyakimya. Wiki 2 nilikuwa poa kabisa. Ya tatu sikulala siku 3, nikatumia karo kununua kamera na viti 40 vya plastiki, vya kanisa ambalo hata sikuwa nimeanzisha. Mama alikopa kwa chama ndio nirudi chuo. Hajawahi kunidai.

Safari hii nilimwambia daktari ukweli kuhusu njaa. Kumbe ningesema mapema! Alinihamisha polepole hadi aripiprazoli, ambayo kwa wengi haiongezi uzani sana, na bado napimwa uzani na sukari.

Jana nilimpigia mama kelele juu ya rimoti. Akaniangalia, nikajua swali linakuja.

"Na wewe una mdomo," akasema.

Nilifurahi vibaya.